Unafuu wa Kodi na Gharama ya Umbali: Historia ya Uchaguzi wa Makazi ya Wafanyakazi Wahamiaji katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara

Ikisiri

Insha hii inahusu uchaguzi wa makazi ya bei nafuu miongoni mwa watu waliohamia wilaya za Tarime na Serengeti kwa sababu ya kazi. Inalifuata suala hilo kuanzia nyumba za boma na misheni, kupitia nyumba za serikali za baada ya uhuru, hadi vyumba vya kupanga vya Mugumu, Robanda, Tarime mjini, Nyamwaga na Nyamongo. Hoja inayojengwa ni kwamba katika wilaya hizi kodi ya chumba haijawahi kuwa kipimo cha kutosha cha unafuu. Kilichobadilika kihistoria ni nani anayebeba gharama za umbali, usalama na mashaka ya ardhi: zamani alikuwa mwajiri, sasa ni mpangaji.

Utangulizi

Barua ya kupangiwa kituo cha kazi hutaja jina la mtumishi, cheo, mshahara, kituo na tarehe ya kuripoti. Aghalabu haitaji atakapolala. Pengo hilo dogo katika barua lina historia yake, na wilaya za Tarime na Serengeti ni mahali pazuri pa kuisomea, kwa kuwa zinapakana lakini zimewavuta wafanyakazi wageni kwa sababu tofauti. Tarime imewavuta kwa dhahabu, biashara ya mpakani na ofisi za serikali. Serengeti kwa hifadhi, hoteli za watalii na ofisi hizohizo za serikali. Mwalimu, muuguzi, askari wa wanyamapori, fundi mitambo na mhudumu wa hoteli hukutana katika swali moja siku ya kwanza wanaposhuka kwenye basi: chumba kipo wapi, na kwa kiasi gani?

Historia iliyoandikwa kuhusu eneo hili haikumjali sana mtu huyo. Kazi ya Rwezaura (1985) kuhusu sheria ya familia na mabadiliko katika jamii ya Wakuria, ya Fleisher (2000) kuhusu wizi wa ng'ombe Tarime, na ya Shetler (2007) kuhusu kumbukumbu za mazingira katika Serengeti ya magharibi zimeweka msingi imara. Hata hivyo, katika kazi hizo mhusika mkuu ni mwenyeji: mwenye ng'ombe, mwenye ukoo, mwenye kumbukumbu ya mahali. Mfanyakazi mgeni hupita pembeni. Tena, katika sehemu kubwa ya karne ya 20 mwelekeo wa safari za kazi ulikuwa wa kutoka. Wakuria wengi walijiunga na jeshi la King's African Rifles, na baada ya uhuru na Jeshi la Wananchi. Mshahara wao ulirudi nyumbani ukawa ng'ombe wa mahari. Tarime ilijulikana kama wilaya inayopeleka watu kazini. Kwamba imekuwa pia wilaya inayopokea watu kwa ajili ya kazi ni badiliko ambalo halijapewa uzito unaostahili.

Neno "nafuu" lenyewe linahitaji uangalifu. Katika matumizi ya kila siku nafuu ni bei ndogo, lakini mgonjwa naye hupata nafuu, yaani hupunguziwa taabu. Katika insha hii maana ya pili haiachwi nyuma ya ile ya kwanza.

Nyumba kama sehemu ya mshahara

Wajerumani walijenga boma la Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi ambayo leo imo Wilaya ya Serengeti. Boma la aina hiyo lilikuwa ofisi, gereza, ghala na makazi kwa wakati mmoja. Askari aliyeletwa kutoka mbali hakutafuta nyumba, alipangiwa. Waingereza walipoifanya Tarime makao ya Wilaya ya North Mara waliendeleza utaratibu huo kwa mpangilio wao: nyumba ya Mzungu mahali palipoinuka, nyumba za makarani na matarishi zikishuka kwa cheo na kwa rangi. Wamisionari wa Mennonite walioanza kazi Shirati mwaka 1934 nao walijenga makazi ndani ya uzio wa misheni, ambamo mwalimu na muuguzi waliishi jirani na darasa au wodi. Katika machimbo ya dhahabu ya kusini mwa Mto Mara, kama Buhemba na Kiabakari, wafanyakazi walikaa katika kambi.

Lingekuwa kosa kuusifu utaratibu huo. Nyumba ya mwajiri ilikuwa pia mkono wa mwajiri: aliyefukuzwa kazi alfajiri alikosa paa jioni, na aliyeoa wake wawili alijikuta akieleza mambo ya ndani mwake kwa mtu asiyemhusu. Hata hivyo, jambo moja halipingiki. Gharama ya kumweka mfanyakazi karibu na kazi ilikuwa ya mwajiri. Kabla ya Daraja la Kirumi kukamilika katika miaka ya 1980, aliyetoka Musoma kwenda Tarime alivuka Mto Mara kwa kivuko, na hakuna aliyetarajia karani wa Tarime ajitafutie mwenyewe namna ya kuishi mbali na ofisi yake. Umbali ulihesabiwa katika bajeti ya wilaya.

Baada ya uhuru serikali iliirithi dhana hiyo bila kurithi uwezo wa kuitekeleza. Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 ilizivunja serikali za mitaa na kupeleka watumishi wengi mikoani na wilayani. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Serengeti ikawa wilaya inayojitegemea, na Mugumu ikawa makao yake makuu. Mji huo haukukuta nyumba zikiusubiri. Eneo la Mugumu lilikuwa limepokea Wakuria wengi waliovuka Mto Mara kuelekea kusini katika miaka ya 1950, wakakaa karibu na Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme. Kisha Operesheni Vijiji ikazisogeza kaya tena. Mtumishi wa wilaya mpya alifika mahali ambapo wenyeji wenyewe walikuwa bado wanatafuta pa kukaa. Baadhi yao walipewa nyumba za serikali. Wengi walipata chumba katika nyumba ya mtu, mara nyingi kwa kuelekezwa na mtu wa kabila lao au wa kanisa lao aliyetangulia. Hapa ndipo upangaji kama jambo la kawaida la maisha ya mtumishi ulipoanza katika wilaya hii.

Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza na viwango, na ilimlinda mpangaji asitolewe bila sababu. Kwa chumba cha udongo kilichoezekwa kwa bati huko Mugumu ulinzi huo ulikuwa mbali sana. Umuhimu wake ulikuwa katika wazo lililokuwamo: kwamba kodi si jambo la watu wawili peke yao.

Mwaka 2002

Mambo matatu yaligongana mwaka 2002, na hakuna hata moja lililopangwa kwa kuyafikiria mengine. Kwanza, serikali ilianza kuwauzia watumishi wake nyumba ilizokuwa inazimiliki, na Wakala wa Majengo ukaundwa kusimamia zilizobaki na kujenga nyingine. Pili, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulianza, na miaka miwili baadaye ule wa elimu ya sekondari (MMES), ambao uliotesha shule za kata hadi vijijini na kuhitaji walimu kwa wingi. Tatu, mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji wa kibiashara katika eneo la Nyamongo, wilayani Tarime. Nyumba za watumishi zilipungua katika kipindi kilekile ambacho wenye kuzihitaji waliongezeka. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa, na uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji ukaachiwa mikataba, sheria za jumla za ardhi na uungwana wa wahusika.

Matokeo yanaonekana katika hesabu ya mwezi wa kwanza. Mwajiriwa mpya hupewa posho ya kujikimu ya siku chache. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kwa mkupuo. Dalali, pale alipo, hudai malipo ya mwezi mmoja. Mshahara wa kwanza huweza kuchelewa wakati taarifa za mtumishi zinaingizwa katika mfumo. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuhusu makazi hufanywa wakati mhusika ana fedha kidogo kuliko atakazowahi kuwa nazo tena katika kituo hicho, na maarifa kidogo zaidi kuhusu mahali penyewe. Wengi huchagua chumba ambacho mwenye nyumba amekubali kupokea kodi ya miezi mitatu, kisha hubaki hapo miaka mitatu. Unafuu unaotafutwa siku hiyo ni wa masharti ya malipo zaidi kuliko wa bei.

Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia Mkoa wa Mara watu 1,743,830. Ya mwaka 2022 ikapata 2,372,015. Ongezeko hilo la zaidi ya watu laki sita katika miaka kumi halikuletwa na wafanyakazi wahamiaji, kwani familia za mkoa huu ni kubwa na vijana ni wengi. Lakini mhamiaji hushindana kwa chumba na vijana hao wanaotoka majumbani mwa wazazi wao, na kijana mwenyeji ana faida ambayo mgeni hana: mjomba mwenye kiwanja.

Mugumu na lango la hifadhi

Katika Wilaya ya Serengeti mgawanyo wa makazi ya wafanyakazi umefuata mstari wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa kati ya hifadhi na vijiji. Kila mstari mpya ulipochorwa, ardhi ambayo mtu angeweza kujengea nyumba ya kupangisha karibu na kazi za utalii ilipungua. Ofisi kuu za hifadhi zilipohamishiwa Fort Ikoma kutoka Seronera, kijiji cha Robanda kikawa jirani wa karibu wa mwajiri mkubwa.

Ingetarajiwa Robanda iwe mji wa wapangaji. Haikuwa hivyo kwa kiasi cha kutarajiwa, na sababu zake zinafundisha. Ardhi ya kijiji imebanwa na hifadhi na mapori ya akiba. Tembo huingia mashambani na wakati mwingine hukaribia nyumba, jambo ambalo linajulikana pia Park Nyigoti, Bonchugu na vijiji vingine vya ukingoni. Anayetoka zamu ya usiku hatembei peke yake kwa furaha. Shule ya sekondari iliyo nzuri, hospitali na soko la kila siku viko Mugumu. Mfanyakazi wa hoteli hupewa kitanda katika makazi ya wafanyakazi ndani ya eneo la hoteli, hukaa wiki kadhaa kazini, kisha hupata siku zake za mapumziko. Familia yake haimo katika mpango huo.

Hivyo Mugumu imekuwa mji wa nusu-familia. Mke na watoto hupanga chumba na sebule mjini. Mume yuko porini, au mume yuko mjini na mke ndiye mhudumu wa hoteli. Kodi inayolipwa Mugumu ni kodi ya watu wasio na mmoja wao. Kwa macho ya mhasibu makazi hayo ni ya bei nafuu sana, kwa kuwa mwajiri hulisha na kulaza mtu mmoja na kodi ya mji mdogo hubeba waliobaki. Kwa macho ya mtoto wa darasa la pili hesabu huenda ikawa nyingine. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, watalii walipokoma na hoteli nyingi zikafungwa kwa muda, vitanda vya porini vilitoweka pamoja na kazi, na chumba cha Mugumu kikawa ndicho pekee. Waliokuwa wamelipa kodi ya mwaka walipata pumzi. Waliokuwa wakilipa kila mwezi, ambao mpaka siku hiyo walionekana kuwa wamepata masharti mazuri zaidi, ndio waliotangulia kurudi makwao.

Tarime mjini, Sirari, Nyamwaga

Mji wa Tarime una mambo ambayo mhamiaji huyauliza kwanza: umeme, benki, hospitali, stendi kwenye barabara kuu ya Musoma hadi Sirari, na mtaa ambao watu wa kila asili wamo. Hili la mwisho lina uzito wake. Katika milima ya Tarime ardhi imegawanyika kwa koo: Wakira, Wanchari, Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wasweta, Wanyamongo na wengine. Mapigano ya koo ya muongo wa 2000 yalikuwa ya mpaka wa shamba, ng'ombe na kisasi, na kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya ni alama ya miaka hiyo. Mgeni kutoka Kagera au Kilimanjaro hana ukoo katika ugomvi huo, na kwa sababu hiyo aliweza kupanga mahali ambapo mtumishi Mkuria wa ukoo wa jirani alisita. Mwenyeji wa wilaya akawa na uchaguzi mdogo kuliko mgeni wa wilaya. Hili ni jambo ambalo takwimu za kodi zisingeweza kulionyesha hata kama zingekusanywa vizuri.

Sirari, mpakani na Kenya, ina vyumba, biashara na shilingi za aina mbili. Huwafaa wafanyabiashara na maofisa wa mpakani; kwa mwenye kazi Tarime mjini haina cha kuongeza isipokuwa nauli.

Nyamwaga ndiyo iliyoleta suala jipya. Baada ya Tarime kugawanyika kuwa halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya, ofisi za halmashauri ya wilaya ziliendelea kuwa mjini, nje ya eneo lake la utawala. Mwishoni mwa muongo wa 2010 serikali iliagiza halmashauri za namna hiyo zihamie katika maeneo yao, na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ikahamia Nyamwaga. Agizo lilikuwa na mantiki isiyo na kasoro: mwananchi asivuke mji wa watu wengine kufuata ofisi yake. Lakini ofisi huhama kwa lori chache. Nyumba za watumishi hazihami.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Mtumishi analipa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa chumba cha Tarime mjini, na angeweza kupata cha shilingi 30,000 Nyamwaga. Akiendelea kukaa mjini na kutumia shilingi 5,000 kwa siku kwenda na kurudi, siku 22 za kazi zitamgharimu shilingi 110,000. Kwa hesabu hiyo Nyamwaga ni nafuu kwa shilingi 140,000 kila mwezi, na haieleweki kwa nini mtu yeyote angebaki mjini. Wengi walibaki. Wenza wao walikuwa na kazi au duka mjini. Watoto walikuwa katikati ya mwaka wa masomo. Baadhi walikuwa wamekopa na kujenga Tarime wakiamini kwamba makao makuu hayatahama tena. Wengine walijiunga watu wanne au watano na kukodi gari la pamoja, njia ambayo ilishusha nauli lakini ikaifanya saa ya kutoka ofisini iwe ya dereva. Kanuni za utumishi humlipia gharama mtumishi anayehamishwa kituo. Mtumishi ambaye kituo chake ndicho kilichohama naye akiwa palepale alikuwa na maswali mengi kuliko majibu.

Nyamongo

Nyamongo si jina la kijiji kimoja. Ni eneo la vijiji vinavyouzunguka mgodi, vikiwemo Kewanja, Kerende, Genkuru, Nyangoto na Matongo. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulikuwapo hapo kabla ya kampuni kubwa kufika. Mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ulipita mikononi mwa Placer Dome, kisha Barrick kuanzia mwaka 2006, kisha African Barrick Gold iliyobadili jina kuwa Acacia, na tangu 2019 unaendeshwa na Barrick kwa ubia na Serikali ya Tanzania yenye asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Wafanyakazi wengi kutoka nje ya wilaya hulala katika kambi ya mgodi wakati wa zamu. Wanaopanga nje ni wengine: vibarua na mafundi wa makandarasi, walinzi, wauguzi, walimu, mama lishe, wauza vipuri, na vijana waliosikia kwamba kuna kazi.

Historia ya karibuni ya eneo hili ina mambo ambayo mpangaji hawezi kuyaacha nje ya hesabu. Mwaka 2009 maji yenye kemikali kutoka mgodini yaliingia katika Mto Tigithe, na tangu hapo swali la "maji ya kunywa yanatoka wapi" limekuwa swali la kwanza kwa mwenye kuonyeshwa chumba. Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano katika tukio la uvamizi wa mgodi. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini kwa sababu ya bwawa la mabaki. Mpangaji huyasoma matukio haya kwa ramani ndogo ya kichwani mwake: upande gani wa mto, mbali kiasi gani na ukuta, njia gani ya kurudi usiku.

Lakini jambo lililo la Nyamongo hasa ni nyumba zenyewe. Mgodi unapohitaji ardhi zaidi, wenye maeneo hulipwa fidia baada ya uthamini. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataja vipengele vya fidia hiyo: thamani ya mali iliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, faida iliyopotea, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kuzidisha kodi ya soko ya jengo mara miezi 36. Kutokana na matarajio ya fidia ulizuka mtindo ambao watu wa Nyamongo wanauita tegesha: kujenga nyumba haraka au kupanda mimea mahali panapodhaniwa kwamba patachukuliwa, kama mtu anavyotega mtego. Serikali na mgodi wameulalamikia mtindo huo kwa miaka mingi. Wenye ardhi nao hueleza kwamba mtu aliyenyang'anywa uwezo wa kulima hawezi kulaumiwa kwa kupanda bati.

Katika mjadala huo wa pande mbili mpangaji hakutajwa. Hata hivyo yeye yumo ndani. Nyumba ya tegesha ikisimama tupu huonekana ni ya tegesha; ikiwa na mtu, sufuria mlangoni na nguo kambani, huonekana ni makazi. Mwenye nyumba ana sababu ya kumtafuta mpangaji, hata kwa kodi ya chini sana, na mgeni asiyejua huona amebahatika. Msemo wa wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone, hapa unapata maana ambayo wahenga hawakuikusudia. Uhusiano wa kodi na fidia nao si wa mbali. Ikiwa kodi ya soko ya nyumba itakubaliwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwezi, posho ya makazi itakuwa shilingi 1,080,000. Ikikubaliwa kuwa 50,000, itakuwa 1,800,000. Kiasi anacholipa mpangaji kwa hiyo kinaweza kusemwa tofauti mbele ya watu tofauti, na anaweza kuombwa aseme kiasi ambacho hakilipi.

Ubaya mkubwa zaidi huja wakati wa kusubiri. Tarehe ya uthamini ikishatangazwa, maendelezo mapya hayahesabiwi. Mwenye nyumba hana tena sababu ya kuziba paa linalovuja au kuchimba choo kingine. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 uthamini wa fidia huisha nguvu baada ya miaka miwili ukiwa haujalipwa, na kazi huweza kuanza upya. Katika muda huo nyumba huchakaa ikiwa na watu ndani. Hii ndiyo nyumba iliyo rahisi kuliko zote sokoni, na urahisi wake ni kipimo cha muda ambao mwenyewe amekata tamaa nayo.

Kuna jambo la familia pia. Rwezaura ameonyesha jinsi mali katika jamii ya Wakuria ilivyogawanywa kwa kufuata nyumba ya kila mke, watoto wa kiume wakirithi kupitia nyumba ya mama yao. Pale chumba cha kupangisha kinapojengwa ndani ya boma la familia, fedha za kodi na hasa fidia inayotarajiwa huamsha swali la chumba hicho ni cha nyumba ya mama yupi. Mpangaji aliyemlipa kijana mmoja kodi ya miezi sita huweza kutembelewa na ndugu wa baba mmoja akiidai tena. Stakabadhi, kama ipo, ina saini ya mtu ambaye haki yake ndiyo inayobishaniwa. Wapangaji wenye uzoefu hudai mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, na wengine hukataa kabisa chumba ambacho baba mwenye boma amekwisha kufariki.

Siku wathamini wanapofika, mtu mwenye picha na namba ni mwenye mali. Picha hupigwa mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao. Miti huhesabiwa, makaburi huhesabiwa, mabati huhesabiwa. Mpangaji kwa kawaida yuko kazini saa hizo. Akirudi jioni hukuta namba imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya mlango ambao funguo zake anazo yeye, na huanza kuhesabu miezi ya kodi aliyokwisha kulipa na ambayo huenda asiikae. Baadhi huondoka wiki hiyohiyo kwenda Nyamwaga, kwa nusu ya kodi yao kupotea. Baadhi hubaki, kwa kuwa namba nyekundu imekuwapo kwenye nyumba ya jirani tangu watoto wao hawajaanza shule.